Mzee wa Hemingway alishindwa?

"Kazi bure!" Ndivyo wasomaji wengi ninaokutana nao hapa Dodoma wanavyoimaliza The Old Man and the Sea, riwaya ya Ernest Hemingway ya 1952. Santiago, mvuvi mzee, anakaa siku 84 bila samaki, anamnasa mmoja mkubwa kweli, kisha papa wanamla njiani. Ushujaa gani huo?

Hapo wamepitwa na kurasa za ufukweni. Mvuvi mmoja anapima mifupa: futi 18. Manolin, kijana aliyekatazwa na wazazi wake kuvua na mzee mwenye mkosi, analia, kisha anasema watavua pamoja tena. Mtalii naye anaitazama mifupa ileile akidhani ni ya papa! Yaani msomaji anayekosea yumo kitabuni tayari.

Wanaomwona mzee kuwa shujaa asiye na kosa nao wamezidisha. Mzee mwenyewe anakiri alikwenda mbali mno.

Mkulima wa uwele wa Chamwino aliyerudia kupanda baada ya jua kuunguza miche hahitaji kuijua bahari ili amwelewe mzee huyu. Huenda akauliza tu: siku tatu zile za kupambana na samaki baharini, mzee alikula nini? Jodari mbichi, tena bila chumvi.