Karatasi nyeusi haitaki wino, inataka weupe chini ya rangi

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alinijia na daftari lake la sanaa amenuna. Ni daftari la kurasa nyeusi tii, alilolisubiri mwezi mzima. Kagonga muhuri wa ua kwa wino wa bluu wa ofisini, kasubiri ukauke, kafungua pazia, hola. Nikamwambia auinamishe ukurasa kuelekea dirishani. Ua lilikuwepo, linametameta kidogo kama njia aliyopita konokono.

Wino wa ofisini ni rangi iliyoyeyuka. Mwanga unaupenya, unagonga karatasi nyeupe chini, unarudi machoni na ile bluu. Kazi kubwa inafanywa na weupe wa karatasi, sisi tunausifu wino tu. Karatasi nyeusi inaumeza mwanga, hakuna kinachorudi. Penseli ya njano juu ya nyeusi inatoa ukijani wa matope, na nyekundu inakuwa kahawia. Kwa hiyo weupe inabidi uupeleke mwenyewe, kwanza, halafu ndiyo upake rangi kwa penseli za rangi.

Ziko pedi maalumu za wino mweupe mzito, na ukizipata ni nzuri. Mimi natumia rangi ya maji ya ukutani, emulsheni nyeupe isiyong'aa. Ndani yake mna unga wa titani dioksidi, chembe zinazokaa juu ya karatasi na kurudisha mwanga badala ya kuupitisha. Chagua isiyong'aa, maana uso wake una ukwaruzo kidogo na penseli inapata pa kushika. Kwenye inayong'aa inateleza. Rangi ya mafuta usiiguse kabisa. Mafuta yanasambaa kwenye karatasi na kuacha duara la doa kuzunguka picha.

Muhuri wenyewe? Tuko Mbeya, viazi vya Uporoto vimejaa sokoni. Chukua kiazi mviringo kigumu, kikate kwa kisu kikali mara moja bila kusuasua ili uso uwe bapa. Hapa wengi wanakosea: wanachonga na kugonga hapo hapo. Kiazi kibichi kina maji mengi, yanaifanya emulsheni kuwa nyepesi na picha inatoka na matobo. Kilaze kifudifudi juu ya kitambaa kikavu nusu saa hivi, ndipo uchonge kwa kiwembe. Kitadumu siku moja, kesho kimenyauka. Ukitaka muhuri wa kukaa, chonga kwenye kifutio au soli ya ndala kuukuu.

Na kumbuka picha inageuka. Kuna aliyechonga MBEYA vizuri kabisa, kama unavyoisoma hapa. Ilipogongwa ikatoka AYEBM. M, Y na A hazikuonyesha kosa kwa sababu zinafanana pande zote mbili. B na E ndizo zilizogeuza migongo. Tulicheka, ila aliubakiza ukurasa ule, na kwa kweli ndio mzuri kuliko zote kwenye daftari lake.

Usichovye muhuri kwenye kopo. Rangi itaziba mistari uliyoihangaikia na utapata bonge jeupe. Chukua kipande cha sponji la godoro, kiguse kwenye rangi, kiguse kwanza kwenye gazeti, ndipo ugusegusie uso wa muhuri. Bonyeza wima, hesabu mpaka tatu, nyanyua wima. Ukitikisa, picha inakuwa na kivuli. Safu moja ikitoka kijivu, acha. Usijaribu kugonga tena juu yake, hailengeki. Ongezea weupe kwa brashi ndogo pale tu unapotaka mwanga uwe mkali.

Halafu subiri. Baridi ya hapa ya Juni na Julai inachelewesha kukauka kuliko unavyodhani, na ukiweka penseli mapema unachimba rangi laini kama unalima tuta. Mimi nagonga jioni, napaka rangi kesho yake.

Kwenye kupaka ndiko uhondo uliko. Chukua okidi, ua la porini la hifadhi ya Kitulo. Juu ya petali nyeupe pitisha penseli ya waridi kwa mkono mwepesi, kisha zambarau kuelekea kwenye koo la ua, ukiacha ncha za petali nyeupe tupu. Mistari nyeusi iliyobaki kati ya petali usiiguse, ndiyo wino wako. Kwenye karatasi nyeupe tunahangaika kuchora kivuli. Hapa kivuli umeshapewa, kazi yako ni kukiacha. Wanaotoka kwenye uchoraji wa rangi za maji za kisanii (watercolour) ndio wanaoteseka zaidi hapa, wamezoea kulinda weupe wa karatasi.

Kuna njia nyingine, ya jiki, ile dawa ya kupaushia nguo. Changanya na maji nusu kwa nusu, paka kwenye muhuri wa mpira, gonga: karatasi inapauka na picha inatoka rangi ya kutu. Fungua madirisha, vaa nguo ya shamba, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, mvuke wake ni sumu. Jaribu kwanza pembeni, kwa sababu karatasi iliyotiwa weusi wa masizi haipauki hata uigonge mpaka kesho.

Ukurasa ninaoupenda kwangu ni mji usiku, nikiwa nimesimama mteremkoni mwa mlima Loleza, juu ya mji. Sikupaka anga wala mlima. Nilichonga vijimraba vidogo kwenye kifutio, nikavigonga vyeupe kwa wingi upande wa Mwanjelwa, eneo la mjini lenye soko, na kwa uchache pembezoni, vingine nikavipitishia njano, vichache machungwa. Kisha nikalifunga daftari mapema. Emulsheni inaweza kuonekana kavu na bado ikashikamana na ukurasa wa pili ikikandamizwa. Nilipolifungua, robo ya Mwanjelwa ilikuwa imehamia upande wa kushoto. Siku hizi naweka kipande cha nailoni laini katikati kwa wiki nzima.