Ukiwa na LLC, nyumba yako haiguswi?

Wateja wangu wengi hapa Ohio, Marekani, ni madereva wa malori: Wakongomani, Wakenya, Watanzania. Mtu akishanunua lori lake, anafungua LLC, yaani kampuni ambayo madeni yake kwa kawaida hayamfuati mwenyewe, analipa dola 99 za jimbo, kisha ananipigia simu: "Wakili, wakinishtaki sasa, nyumba yangu haiguswi, si ndiyo?"

Huwa naanzia mbali kidogo, New York mwaka 1966, kesi ya Walkovszky dhidi ya Carlton. Bwana Walkovszky aligongwa na teksi akaumia vibaya. Teksi ile ilikuwa ya kampuni iitwayo Seon, na mali ya Seon ilikuwa teksi mbili tu, kila moja na bima ya dola 10,000, yaani kiwango cha chini kabisa kilichotakiwa na sheria. Carlton, ambaye Walkovszky alimshtaki yeye binafsi, alikuwa na hisa katika kampuni kumi za aina hiyo. Kwa madai ya Walkovszky, zote zilikuwa biashara moja iliyokatwa vipande, ili anayegongwa aambulie kipande kimoja.

Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa, ambayo huko New York ndiyo yenye neno la mwisho. Mahakama iitwayo ya Juu huko ndiko kesi zinakoanzia, msiniulize kwa nini. Majaji walio wengi walisema kugawa biashara katika kampuni nyingi si kosa, na kama bima ni ndogo, bunge la jimbo ndilo liipandishe. Jaji Keating alipinga: kampuni hizi zimenyimwa mtaji makusudi, wakati kila mwenye teksi anajua ajali zipo. Kimaadili niko na Keating. Nikimtetea mteja, nitawanukuu wale wengi.

Lakini haikuishia hapo. Walkovszky aliruhusiwa kurekebisha madai yake, akadai kwamba wenye hisa waliendesha biashara ile kwa nafsi zao binafsi, kama mali yao wenyewe na si ya kampuni, na safari hiyo kesi ikaruhusiwa kuendelea. Hapo ndipo wateja wangu wengi wanaponaswa. Nikifungua taarifa ya benki ya kampuni, naona malipo ya mzigo yameingia Jumatatu. Jumanne imetoka kodi ya nyumba, Jumatano karo ya mtoto, Alhamisi pesa za mama kule Bukavu. Kumsaidia mama si dhambi. Jilipe kwanza, pesa ihamie akaunti yako, uandike, ndipo umtumie. Usipofanya hivyo, wakili wa upande wa pili ataisoma taarifa hiyo mstari kwa mstari mbele ya jaji, na atauliza kampuni iko wapi hapo.

Kuhusu Delaware, jimbo ambalo kila mtu mtandaoni analisifu kwa kufungulia kampuni: LLC huundwa kwa sheria ya jimbo, si ya serikali kuu, na ukiisajili Delaware huku kazi yako iko Ohio, bado utalazimika kuisajili na Ohio. Kwa mwenye lori moja ni gharama ya bure. Namba ya kodi ya kampuni nayo IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, huitoa bila malipo, kwa hiyo usimlipe mtu dola 200 akujazie fomu.

Kuna mambo mawili ambayo LLC haikukingi nayo kabisa. La kwanza, ukiwa wewe ndiye uliyeshika usukani na ukagonga mtu kwa uzembe, unashtakiwa wewe, pamoja na kampuni. La pili, benki iliyokukopesha lori karibu kila mara imekusainisha dhamana binafsi, yaani ahadi kwamba kampuni ikishindwa kulipa, utalipa wewe. Itafute kwenye kurasa za mwisho za mkataba.

Ndiyo maana, badala ya cheti cha LLC, mimi huomba kwanza kuona bima. Kwa lori kubwa la kubeba mizigo ya kawaida ya watu kutoka jimbo hadi jimbo, sheria ya serikali kuu inataka angalau dola 750,000. Madalali wengi wa mizigo hawakupi kazi bila milioni moja, na kwa hilo wako sahihi.