Baraza la chuo kikuu wakati wa kashfa: mhitimu aulize nini, na amuulize nani

Kashfa inapolipuka chuoni, wahitimu huwa wa kwanza kuandika barua na wa mwisho kujibiwa. Sababu moja ni kwamba barua nyingi hugonga mlango usiohusika. Baadhi hupelekwa kwa mkuu wa chuo, ambaye huenda ndiye anayetuhumiwa. Nyingine huenda kwa umoja wa wahitimu, ambao mara nyingi watumishi wake wanalipwa na chuo chenyewe na hawana ubavu wa kumhoji anayewalipa. Anayepaswa kujibu ni baraza la chuo, ambalo kwingine huitwa bodi ya wadhamini. Na hata barua ikifika huko, aghalabu imebeba swali ambalo baraza linaweza kulikwepa bila kutoka jasho.

Baraza haliendeshi chuo. Linamwajiri mtendaji mkuu na kumwachisha kazi, linapitisha bajeti, linapokea ripoti za ukaguzi, linaidhinisha mikataba mikubwa na linasimamia hatari zinazoweza kukiangusha chuo. Kwa hiyo ukiliuliza "mliruhusuje unyama huu?", jibu lipo mfukoni: hatukujua, na sisi pia tumehuzunika. Swali lenye meno lina vipande vitatu. Mliambiwa lini? Mkauliza nini? Na limeandikwa wapi?

Kosa la Mei, hasira ya Novemba

Kisa cha Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania huko Marekani, kinaonyesha vizuri tofauti hiyo. Tarehe 31 Machi 2011 gazeti la Patriot-News liliandika kwamba Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa zamani wa timu ya chuo, anachunguzwa kwa tuhuma za kuwadhalilisha watoto kingono. Mwezi Mei rais wa chuo, yaani mtendaji wake mkuu, Graham Spanier, pamoja na mwanasheria wa chuo, waliligusia baraza jambo hilo kwa kifupi. Wajumbe hawakudai taarifa zaidi. Tarehe 5 Novemba Sandusky akakamatwa, na usiku wa tarehe 9 Spanier akawa ameng'oka na kocha mkuu Joe Paterno ameondolewa kwa simu.

Wahitimu wengi waliikasirikia simu ile. Ilikuwa ya kukasirisha kweli, lakini baraza lilikuwa limeteleza miezi sita kabla, siku liliposikia neno "uchunguzi" na kupita kwenye ajenda inayofuata. Ripoti ya Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyeajiriwa na baraza hilohilo, ilitoka tarehe 12 Julai 2012 na kusema hivyo: hapakuwa na utaratibu wa kudumu wa kuhakikisha hatari kubwa zinafika mezani, na hata habari ilipofika wajumbe hawakuchimba. Ripoti hiyo yenyewe ilipingwa vikali. Ilifika mahali wajumbe waliochaguliwa na wahitimu wakaenda mahakamani mwaka 2015 kudai wasome nyaraka za mahojiano zilizokuwa nyuma yake. Mjumbe wa baraza anakishitaki chuo chake ili asome kazi ambayo chuo hicho kimeilipia: hapo ndipo utajua kwamba kukaa barazani na kuwa na taarifa ni mambo mawili.

Kinachokwamisha taarifa mara nyingi si njama. Mtendaji mkuu na katibu wa baraza ndio wanaoandaa ajenda na makabrasha. Mjumbe anakutana na wenzake mara chache kwa mwaka, anapewa kabrasha nene siku chache kabla, na jambo la hatari linakuja kama taarifa ya mdomo kwenye "mengineyo", saa ambayo watu wanatazama saa. Hakuna karatasi, hakuna azimio, hakuna mtu aliyepewa kazi ya kurudi na majibu. Baada ya miezi sita kila mmoja anakumbuka lake.

Hesabu viti kabla ya kupiga kampeni

Hasira ikishapanda, wahitimu hukimbilia uchaguzi. Penn State ilikuwa na wajumbe 32 wakati huo, na wahitimu walichagua 9 kati yao, watatu kila mwaka. Waliobaki waliingia kwa uteuzi wa gavana, kwa kura za vyama vya kilimo, kwa niaba ya biashara na viwanda, au kwa nyadhifa zao. Fanya hesabu: ili kubadilisha viti vyote 9 inahitajika mizunguko mitatu ya uchaguzi, na ukivishinda vyote bado huna hata theluthi moja ya baraza. Mwaka 2014 baraza likaongezewa viti, vya wahitimu vikabaki 9 vilevile.

Hii haina maana kwamba uchaguzi ni bure. Mjumbe mmoja anaweza kuomba jambo liwekwe kwenye ajenda, akadai kura ipigwe kwa majina, akataka pingamizi lake liandikwe. Hizo ni silaha za wachache, na zinafanya kazi hata ukishindwa kura. Ila mjumbe mmoja hana mamlaka peke yake. Kumwandikia "chukua hatua" ni kumtwika mzigo asioweza kuubeba. Mwandikie umwombe jambo mahususi kati ya hayo matatu.

Kwa hiyo kabla ya lolote, pata sheria au hati iliyoanzisha chuo na kanuni za uendeshaji wa baraza. Usizisome zote kama riwaya. Tafuta akidi ya kikao, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo. Nani anaweza kuitisha kikao cha dharura na kwa notisi ya siku ngapi. Kamati tendaji inaweza kuamua nini bila baraza zima. Nani anaweza kutia saini inayokifunga chuo. Na mjumbe anaondolewaje na nani. Kipengele cha saini ndicho watu hukiruka, nacho ni kikubwa. Tarehe 23 Julai 2012 chama cha michezo ya vyuo vikuu cha Marekani, NCAA, kilitangaza adhabu dhidi ya Penn State, ikiwemo faini ya dola milioni 60. Rais mpya wa chuo, Rodney Erickson, alizikubali kwa saini yake bila kura ya baraza zima, na baadhi ya wajumbe wakabaki wakilalamika kwamba mkataba mzito hivyo umewapita juu ya vichwa.

Jingine la kuangalia ni maamuzi yanayopikwa nje ya kikao. Chuo Kikuu cha Virginia kilitangaza tarehe 10 Juni 2012 kwamba rais wake, Teresa Sullivan, anajiuzulu. Ikabainika kwamba uongozi wa bodi ulikuwa umewaendea wajumbe mmojammoja badala ya kuitisha kikao kamili na kupiga kura. Wahadhiri, wanafunzi na wahitimu walisimama, na tarehe 26 Juni bodi ikamrudisha kwa kauli moja. Desemba ya mwaka huo chombo cha ithibati, yaani kinachothibitisha kwamba chuo kinatimiza viwango, kikakipa chuo onyo juu ya utawala wake. Kumbuka chombo hicho. Wahitimu wengi hawajui kwamba ithibati inagusa pia namna baraza linavyoamua, na kwamba malalamiko kwa chombo cha ithibati husikika pale tu yanapotaja kiwango kilichovunjwa na ushahidi wake. Kurasa kumi za uchungu hazitafunguliwa jalada.

Uchunguzi "huru" una maswali yake

Baraza likibanwa, hutangaza uchunguzi huru. Tangazo hilo linatuliza watu, na wakati mwingine hiyo ndiyo kazi yake pekee: funika kombe mwanaharamu apite. Omba hadidu za rejea, yaani hati inayosema wachunguzi wametumwa kuchunguza nini, siku hiyohiyo, kabla uchunguzi haujaanza kuzaa ratiba mpya kila mwezi. Angalia kwanza kama baraza lenyewe limo ndani ya wigo wa uchunguzi au limejitoa. Kisha angalia miaka inayochunguzwa, kwa sababu wigo unaoanzia mwaka wa tukio utaacha nje mwaka wa onyo la kwanza. Je, wachunguzi watafikia barua pepe na ujumbe wa simu za kazi, na kuna amri ya maandishi ya kutofuta chochote? Ripoti inakabidhiwa kwa nani: baraza zima, mwenyekiti peke yake, au wakili?

Swali la wakili ndilo lenye mtego. Ofisi ya wanasheria ikiajiriwa kama mshauri wa kisheria wa chuo, kazi yake inaweza kufungiwa chini ya siri ya wakili na mteja. Siri hiyo ni mali ya mteja, yaani chuo, na baraza likitaka linaweza kuiachia. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, katika kashfa ya daktari wake Larry Nassar aliyewadhalilisha wagonjwa kingono, kilizuia maelfu ya nyaraka kwa hoja hiyo kwa miaka kadhaa, huku mwanasheria mkuu wa jimbo akizidai. Bodi ilipiga kura ya kuziachia Desemba 2023. Zilipofika mwaka 2024, ofisi ya mwanasheria mkuu ikasema hazikuonyesha jambo jipya kuhusu nani uongozini alijua nini. Miaka yote ile waathirika walisubiri nyaraka zisizo na jibu. Kuzificha kuliumiza kuliko kilichokuwamo. Kwa hiyo usiliulize baraza "mtatoa ripoti?" Uliza: "Baraza limepitisha azimio la kuachia siri ya wakili kwa ripoti na viambatisho vyake? Kikao cha tarehe ngapi?"

Kama wewe mwenyewe una ushahidi wa jinai, hasa unaohusu watoto au ukatili wa kingono, mahali pake ni polisi, wala usingoje hadidu za rejea. Peleka nakala, baki na asili salama, na usimtaje mwathirika popote hadharani hata kama unadhani kila mtu anamjua. Kuna jambo jingine ambalo wahitimu hawapendi kuambiwa: barua inayoanza na jina zuri la chuo, vikombe na kumbukumbu, na kuwataja walioumizwa kwenye aya ya tano, inalipatia baraza nafasi ya kuijibu aya ya kwanza tu.

Barua inayolazimu jibu

Iandike kwa mwenyekiti wa baraza kupitia katibu wa baraza, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi. Ukurasa mmoja. Maswali matatu, yasizidi matano, kila moja likiwa na tarehe au jina la hati, na kila moja likiweza kujibiwa kwa ndiyo, hapana, tarehe au nakala. Kwa mfano:

"Je, suala hili liliwasilishwa kwa baraza au kamati yake yoyote kabla ya kutangazwa hadharani? Kama ndiyo, naomba tarehe ya kikao, namba ya kipengele cha ajenda, na azimio lililopitishwa. Kama hakuna azimio, naomba lithibitishwe hivyo kwa maandishi."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobana, kwa kuwa "hakuna azimio" nalo ni jibu, na mara nyingi ndilo jibu lenyewe. Omba uthibitisho wa kupokelewa na weka muda: uliowekwa na sheria ya haki ya kupata taarifa kama chuo kinabanwa nayo, au siku 21 kama hakibanwi. Usikisie, kuna vyuo vinavyopokea fedha za umma lakini sheria hiyo haivigusi kikamilifu. Usiombe "nyaraka zote zinazohusu kashfa." Ombi pana hivyo hukataliwa kihalali, au hujibiwa kwa makadirio ya gharama yatakayokukatisha tamaa.

Watu kumi wakitia saini barua moja ni bora kuliko barua kumi zinazofanana. Na kama unatoa mchango, kuukata kimyakimya hakuonekani na mtu. Utahesabiwa tu kama mhitimu aliyesahau. Ukiamua kuuzuia, andika kiasi, andika sharti moja linalopimika, kama kuchapishwa kwa ripoti, na sema utaurudisha likitimizwa. Lakini tazama kwanza unakwenda wapi. Mchango wa mfuko wa ufadhili ukikatwa, anayeumia ni mwanafunzi aliyekuwa akisomeshwa nao, wala mjumbe wa baraza hatalala na njaa.

Mihtasari ya vikao vya baraza ikikufikia, soma vitenzi. "Iliazimiwa" ni uamuzi. "Ilipokelewa" maana yake karatasi ilifika, haina maana ilisomwa. "Ilijadiliwa" bila azimio ni mazungumzo yaliyogharimu chai na posho. Linganisha orodha ya waliohudhuria na akidi, angalia nani alitangaza mgongano wa maslahi na kama kweli alitoka chumbani, na kama kuna kikao cha faragha, tazama kimeandikwa saa kilipoanza, saa kilipokwisha na sababu yake.

Kisha chukua mihtasari ya vikao vitatu mfululizo na uifungue yote mahali pamoja, kwenye "yatokanayo na kikao kilichopita." Hapo ndipo mambo huzikwa. Suala linaonekana kikao cha kwanza, na menejimenti imetakiwa kurudi na taarifa. Kikao cha pili linasomeka "linafanyiwa kazi." Kikao cha tatu halipo, na hakuna mstari unaosema lilifungwa na nani. Piga picha kurasa hizo tatu, ziambatishe kwenye barua yako ya pili, na uulize swali moja tu: lilitolewa kwenye ajenda kwa azimio gani?