Msuko Mmoja, Bei Mbili: Tunavyokosea Tukilinganisha Huduma za Marekani na za Kwetu

Msusi aliyejifunzia kazi Kariakoo akihamia Marekani, hahami na mikono mipya. Rasta ni zilezile, saa tano za kusimama nyuma ya mteja ni zilezile. Tuseme Dar es Salaam alilipwa shilingi 30,000, na huko analipwa dola 200. Kwenye hesabu za Pato la Taifa, msuko wake umepanda thamani zaidi ya mara kumi na tano, ingawa kichwani mwa mteja hakuna kilichoongezeka.

Dhana: Sekta ya huduma ya Marekani inatuzidi mno kwa sababu wao ni mahiri na wachapakazi kuliko sisi.

Dhana hii inaniuma, maana nimeisikia hata kwa wasomi wetu. Thamani ya huduma kwa dola ni wingi wake mara bei yake, na bei ndiyo inayotupotosha. Ngano na simu hupakiwa melini, kwa hiyo bei zake haziachani sana kati ya nchi na nchi. Msuko haupakiwi. Mtu wa Boston hawezi kuja kunyolewa Mwanza kila wiki, hivyo kinyozi wake hutoza bei inayofuata mishahara ya Boston. Mishahara hiyo nayo huvutwa juu na kazi zenye tija kubwa, kama kutengeneza ndege, dawa na programu za kompyuta. Mwenye saluni asipolipa vizuri, vijana watamkimbia. Mwaka 1964 wachumi Béla Balassa na Paul Samuelson walilieleza jambo hili, kila mmoja katika andiko lake. Mwaka 1984 Jagdish Bhagwati akaongeza sababu nyingine: palipo na watu wengi na mitaji michache, kazi ya mikono huwa ya bei nafuu, na huduma nyingi ni kazi ya mikono.

Kwa hiyo ukigeuza shilingi kuwa dola kwa bei ya benki, unaipunja nchi maskini, na unaipunja zaidi kwenye huduma. Ndiyo maana mwaka 1968 Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walianza kukusanya bei za bidhaa na huduma zinazofanana katika nchi mbalimbali, ili fedha zilinganishwe kwa uwezo wake wa kununua. Katika nchi kumi za kwanza, zilizopimwa kwa bei za mwaka 1970, Afrika iliwakilishwa na Kenya peke yake. Mzunguko wa 2021 wa upimaji huo, ambao matokeo yake yalitoka Mei 2024, ulihusisha nchi na maeneo 176.

Dhana: Basi pengo lote ni la bei tu.

Hapana, na tusijidanganye. Mwaka 2023, kwa dola za benki, pato la Mmarekani wa wastani lilikuwa zaidi ya mara 60 ya pato la Mtanzania. Kwa uwezo wa kununua, pengo linashuka hadi karibu mara 20. Mara 20 bado ni nyingi. Benki, bima, usafirishaji na mawasiliano ni huduma zinazobebwa na mitambo, umeme wa uhakika na barabara, na huko mfanyakazi mmoja huhudumia watu wengi kuliko mwenzake wa huku.

Dhana: Elimu na afya ni rahisi kulinganisha, kwani mwalimu ni mwalimu.

Hapa ndipo watakwimu hukosa usingizi. Shule ya serikali haiuzi somo, hivyo pato lake huhesabiwa kwa gharama, na sehemu kubwa ya gharama ni mishahara. Mwalimu wa watoto 70 anayelipwa kidogo anaandikiwa pato dogo kuliko mwenzake wa watoto 20 anayelipwa vizuri. Ukisema kila mwalimu ahesabiwe sawa popote alipo, unaangukia kosa la upande wa pili: nchi yenye walimu wengi wasio na vitabu wala maabara itaonekana imejaa elimu. Katika mzunguko wa 2005 wa ule upimaji wa bei, hesabu za Afrika na Asia zilibidi zirekebishwe kwa kukadiria tija ya watumishi wa umma.

Hata gharama kubwa haimaanishi huduma bora. Marekani hutumia takriban asilimia 17 ya pato lake kwa afya na Japani takriban asilimia 11, lakini Wajapani ndio wanaoishi miaka mingi zaidi.

Dhana: Marekani imeacha viwanda, inaishi kwa huduma tu.

Bado ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa viwandani, nyuma ya China.

Dhana: Mama lishe na bodaboda hawamo kwenye takwimu kwa kuwa hawatoi risiti.

Wamo, kwa makadirio yanayotokana na tafiti za kaya na za nguvu kazi. Tatizo ni mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kupimia uchumi, ukichakaa. Nigeria ilipohama kutoka 1990 kwenda 2010, uchumi wake ulionekana mkubwa kwa asilimia 89, na hiyo ilikuwa Aprili 2014. Simu na filamu zilikuwa zimekua huku vipimo vimelala. Septemba mwaka huohuo Kenya nayo ilihama kutoka 2001 kwenda 2009, uchumi ukaongezeka kwa robo.

Kisichomo kabisa ni kazi ya nyumbani isiyolipwa. Mahindi unayolima na kula mwenyewe huhesabiwa. Kuyapika kuwa ugali hakuhesabiwi. Bibi wa Tanga anayelea wajukuu watatu kutwa nzima anaandikiwa sifuri. Watoto watatu wa Boston wakipelekwa kituo cha kulelea, kila saa inaingia kwenye Pato la Taifa la Marekani, kwa bei ya Boston.