Picha ya runinga ya chogo na ya bapa: tofauti hasa iko wapi

Wateja wengi wanaoniletea runinga bapa mpya, wakilalamika kwamba picha yake ina ukungu kuliko ile ya chogo waliyoihamishia stoo, wana haki ya kulalamika, ingawa mara nyingi kioo walichokinunua hakina kosa lolote. Ulinganisho wao hauko sawa tangu mwanzo, kwa kuwa wanakipa kioo kipya picha iliyoandaliwa kwa ajili ya kioo cha zamani.

Runinga ya chogo iliundwa kuendana na PAL, mfumo wa zamani wa matangazo ya runinga wenye mistari 625, ambayo 576 kati yake ndiyo inayobeba picha. Mwale wa elektroni hufagia kioo na kuwasha fosfori, yaani unga unaong'aa uliopakwa ndani ya kioo, ukichora mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye, jumla ya mifagio 50 kwa sekunde. Kwa kuwa mwale huo una unene wake na kingo zake ni laini, mistari huungana machoni na kasoro ndogo ndogo za matangazo humezwa humo humo. Kioo bapa cha kiwango cha HD kamili (ubora wa juu) kina pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, ilhali picha ya kawaida ya kidijitali ina 720 kwa 576, yaani 414,720. Maana yake ni kwamba katika kila pikseli tano unazoziona, nne zimekisiwa na runinga yenyewe. Ikiwa chipu yake ni ya bei rahisi, hata kazi ya kuunganisha mistari ya witiri na ya shufwa huifanya vibaya, na ndipo kingo za jezi ya mchezaji anayekimbia zinapotokeza meno kama ya kitana.

Ukubwa nao unachangia. Kwenye chogo cha inchi 21, picha ina kimo cha takribani sentimita 31, hivyo kila mstari hupata kama nusu milimita. Picha ile ile ikitandazwa kwenye bapa la inchi 43, mstari mmoja unakaribia milimita nzima. Mtazamaji, kwa upande wake, hajalisogeza kochi lake nyuma.

Katika jambo moja, hata hivyo, chogo kinashinda kwa haki, nalo ni mwendo. Fosfori huwaka kwa muda mfupi sana kisha ikazimika, na jicho hupokea mfululizo wa mimweko mifupi. Kioo cha LCD, yaani bapa la kawaida lenye taa nyuma yake, hushikilia kila picha mpaka inayofuata ije, na kwa picha 50 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 20 nzima. Chukua mpira unaovuka kioo cha pikseli 1920 kwa sekunde mbili: unasonga pikseli 19 hivi katika kila picha, na kwa kuwa jicho linaufuata bila kusimama ilhali picha imesimama, mpira huo unaonekana umepakazwa kwa upana huo huo. Kuongeza pikseli hakuondoi tatizo hili, na OLED, aina ya bapa ambayo pikseli zake hutoa mwanga zenyewe, nayo inalo, kwani nayo hushikilia picha vilevile.

Weusi ni habari nyingine. LCD ina taa nyuma yake isiyozibika kabisa, kwa hiyo sinema ya usiku, taa za sebuleni zikizimwa, hutoa weusi wa kijivujivu. Chogo gizani kilikuwa kizuri zaidi, ila mchana kioo chake chenyewe kilikuwa cha kijivu. OLED, ambayo kila pikseli yake hujizima, imevipita vyote viwili.

Wanaokisifu chogo huwa wanasahau mengine: pembe zilizopinda, ukingo wa picha uliofichwa nyuma ya fremu, na madoa ya zambarau kila spika yenye sumaku ilipowekwa karibu. Kwa picha ya HD halisi, chogo cha kawaida cha sebuleni hakiwezi hata kuanza kushindana.

Kabla ya kumlaumu muuzaji, tazama nyuma ya king'amuzi. Nyaya zile tatu za nyekundu, nyeupe na njano hupitisha picha yote, rangi na mwanga pamoja, katika waya mmoja wa njano, na runinga hulazimika kuvitenganisha upya. Ndiyo sababu maandishi mekundu hutambaliwa na vidoti kwenye kingo zake. King'amuzi kikiwa na tundu la HDMI, yaani la waya wa kidijitali, litumie. Kisha ingia kwenye mipangilio, uondoe ile hali ya rangi kali iliyokusudiwa kuvutia macho dukani, uteue hali ya sinema, na ushushe kipimo cha ukali wa kingo (sharpness) mpaka ule mstari mweupe unaozunguka herufi utoweke. Kipindi cha zamani cha umbo la 4:3, lile la karibu mraba la kioo cha chogo, kiache na pande zake nyeusi, kwa sababu ukikivuta kijaze kioo unanenepesha nyuso za watu na kuzikuza kasoro zile zile ulizokuwa ukizilalamikia.