Karani wa uhamiaji ndiye mshenga

Nikifundisha uandishi wa komedi za mapenzi, swali halikosi: siku hizi ni nini cha kuwazuia wapendanao? Zamani walikuwapo wazazi, mahari, dini. Leo wakitakana wanapigiana simu, hadithi imekwisha. Huwa nawawekea *The Perez Family*, filamu ya 1995 ya Mira Nair, mwongozaji ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunamjua kwa kazi zake za Kampala. Humo hakuna baba anayekataa posa. Kuna karani wa uhamiaji na fomu yake.

Mwaka ni 1980. Maelfu ya Wakuba walijazana ubalozi wa Peru mjini Havana wakitaka kuondoka, na Fidel Castro akaifungua bandari ya Mariel. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, watu wapatao 125,000 walivushwa kwa mashua hadi Florida. Katika filamu, mmoja wao ni Juan Raúl Pérez (Alfred Molina), aliyetoka gerezani baada ya miaka 20. Mkewe Carmela (Anjelica Huston) yuko Miami, bado anamngoja. Safarini Juan anakutana na Dottie (Marisa Tomei), mkata miwa mwenye maneno mengi na ndoto za John Wayne, mwigizaji ambaye yuko kaburini tangu 1979. Dottie naye ni Pérez. Karani anaona jina moja mara mbili, anawaandika mume na mke.

Nasimamisha filamu hapo. Mkuba hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na mwanamke haachi yake akiolewa. Kwa desturi hiyo, mwanamume na mwanamke wakiwa na jina moja la ukoo, utawadhania ndugu kabla hujawadhania wanandoa. (Watu wa pwani hawahitaji maelezo: kwetu pia bibi harusi hubaki na jina la babake.) Karani anawasoma wageni kwa kawaida ya Kimarekani, ambako mke huchukua jina la mume. Kwa hiyo kosa lake si bahati mbaya iliyobandikwa ili hadithi isogee. Ni nchi mpya inayoanza kuwapanga watu kabla hawajatua mizigo.

Kisha uongo unaanza kulipa. Waliokuja bila jamaa wa kuwapokea walihitaji mdhamini, na wanaume wapweke ndio waliosota zaidi. Wengi walipelekwa kambi za jeshi kama Fort Chaffee, Arkansas. Wengine Miami walilala uwanja wa Orange Bowl, baadaye kwenye mahema chini ya barabara kuu. Dottie anagundua kuwa familia hupata wadhamini upesi. Basi anaanza kuikusanya: mzee asiyesema neno anafanywa baba, kijana wa mitaani anafanywa mtoto. Wote Pérez.

Tazama ufundi wake. Juan akisema ukweli, haharibu lake peke yake, anawaponza watatu. Akinyamaza, lazima aigize mume kila siku mbele ya watu, na kuigiza huko kunahitaji mazoezi: kula pamoja, kugombana, kuuza maua barabarani wakigawana senti. Mapenzi yanaingia kupitia kazi za nyumbani, si kupitia macho kwa macho. Na karatasi ileile iliyompa Juan huyo Dottie ndiyo inayomweka mbali na Carmela, ambaye anaamini mumewe hakufika. Fomu moja, kazi mbili. Robin Swicord, aliyeandika muswada kutokana na riwaya ya Christine Bell, hakuhitaji adui.

Bahati mbaya akamweka hata hivyo. Kaka yake Carmela, anayemlinda dada kama mali, ni kelele tupu. Kila akiingia na hasira zake filamu inapunguza akili. Mpelelezi anayempenda Carmela (Chazz Palminteri) ana utamu wake, lakini yumo hasa ili hesabu ya wapenzi itimie.

Halafu kuna lawama kuhusu uteuzi wa waigizaji, na naiona ya haki: Molina ni Mwingereza, Tomei ni wa Brooklyn, na lafudhi zao hutangatanga. Katika filamu hiyohiyo yumo Celia Cruz, mwimbaji wa Kikuba aliyeondoka Kuba mwaka 1960 na kunyimwa ruhusa ya kurudi kumzika mamake. Kapewa sehemu ndogo. Ningemwongezea, na dakika zake ningezichukua kutoka kwa yule kaka.