Kusasisha mfumo endeshi na kusimamia ukuta wa moto: dhana potofu na ukweli

Jina "ukuta wa moto" (kwa Kiingereza firewall) limewapotosha wengi, kwa sababu ukuta hauchagui: humzuia anayetoka sawasawa na anayeingia. Programu inayoitwa kwa jina hilo ndani ya kompyuta hufanya kazi ya bawabu. Hukaa mlangoni, humuuliza kila abishaye hodi ametoka wapi na anamtaka nani, na huwakumbuka waliotoka ili iwatambue wanaporudi. Anayeishika tofauti hiyo ataona mwenyewe kwa nini mengi yasemwayo kuhusu kusakinisha toleo kubwa jipya la mfumo endeshi hayana msingi.

Dhana: ukuta wa moto lazima uzimwe kabla ya kusasisha

Ushauri huu umezagaa kuliko mwingine wowote, nami nauona kuwa ndio wenye madhara makubwa zaidi. Katika Windows, mpangilio wa kawaida ni kuzuia mawasiliano yanayoanzishwa kutoka nje na kuruhusu yale yanayoanzishwa na kompyuta yenyewe. Sasisho huombwa na kompyuta: ndiyo inayoitafuta seva ya mtengenezaji, na majibu yanaporudi bawabu anafahamu kwamba yanahusu ombi lililotoka ndani, hivyo anayapitisha. Kuuzima ukuta hakufungui njia yoyote ambayo sasisho lilikuwa limenyimwa. Kinachofunguka ni mlango kwa wale ambao hawakuitwa.

Yaliyotokea mwaka 2003 yanalionyesha jambo hili waziwazi. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na ukuta wa moto ndani yake, lakini haukuwa umewashwa. Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft, mtengenezaji wa Windows, ilitoa kiraka, yaani sasisho dogo la kuziba udhaifu, kwa ajili ya RPC, huduma inayoruhusu programu za kompyuta tofauti kuitana, na mwezi uliofuata mnyoo (programu hasidi inayojisambaza yenyewe) ulioitwa Blaster ukaanza kuzunguka kwenye intaneti, ukiingia kupitia poti 135 (poti ni mlango wenye namba ambao huduma husikilizia) bila mwenye kompyuta kubofya chochote. Walionaswa kwa namna ya kusikitisha zaidi ni wale waliosakinisha mfumo upya na kujiunga na intaneti ili wapakue kiraka hichohicho, kwani mnyoo uliweza kufika kabla upakuaji haujakamilika. Utaratibu uliofaa ulikuwa kinyume kabisa cha ushauri unaorudiwa hadi leo: ukuta uwashwe kwanza, kisha sasisho lipakuliwe. Service Pack 2, sasisho kubwa la Windows XP, ilipotolewa Agosti 2004, ukuta huo ukawa unawashwa tangu mwanzo.

Hata hivyo dhana hii haikuzuka hivihivi. Programu za usalama za kampuni nyingine hujipenyeza ndani sana ya mfumo, na toleo lao la zamani linaweza kweli kukwamisha usakinishaji. Januari 2018 Microsoft ililazimika kulizuia sasisho lake lisifike kwenye kompyuta ambazo programu yake ya kuzuia virusi haikuwa imethibitisha kwamba inapatana na mabadiliko yaliyokuwamo. Dawa ya tatizo la namna hiyo ni kuisasisha programu hiyo ya ziada, au kuiondoa kwa muda, huku ukuta uliokuja na mfumo ukibaki kazini. Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakaisimamisha huduma yenyewe ya ukuta wa moto ya Windows, jambo ambalo Microsoft imelionya: menyu ya Start inaweza kuacha kufanya kazi, na programu za kisasa zikashindwa kusakinishwa au kusasishwa. Aliyetaka kuondoa kikwazo anakuwa amejiwekea kingine.

Dhana: mtandao "wa umma" ni ulio wazi, na "wa faragha" ni uliofungwa

Hapa lugha yenyewe inamtega mtumiaji. Mtu aliye hotelini au uwanja wa ndege anaulizwa kama mtandao aliounganishwa nao ni wa umma au wa faragha, naye kwa kuwa anaithamini faragha yake anachagua neno la pili. Kumbe swali halihusu kiwango cha ulinzi anachokitaka. Linahusu jinsi mtandao ule ulivyo. Ukiuita wa faragha, unamwambia bawabu kwamba majirani wote waliomo ni watu wa nyumbani, na kompyuta yako itakubali kuonekana na vifaa vingine. Ukiuita wa umma, bawabu anakaza masharti. Kwa hiyo "umma" ndiyo chaguo lenye ulinzi mkali zaidi, na katika mtandao usio wako ndilo la kuchagua daima.

Jambo hili linapata uzito baada ya toleo kubwa kusakinishwa, kwa sababu mtandao uleule wa kila siku unaweza kutambuliwa upya kana kwamba ni mgeni na kuwekwa katika kundi la umma. Dalili yake ni printa ya pamoja kutoonekana au folda zilizokuwa zikifunguliwa kutoka kompyuta nyingine kugoma. Wengi wakifika hapo hulilaumu sasisho, kisha huuzima ukuta wote ili printa irudi. Kinachotakiwa ni kubadilisha kundi la mtandao huo mmoja tu, kazi isiyozidi dakika moja.

Dhana: kanuni ulizoziweka zitabaki vilevile katika toleo jipya

Mara nyingi hubaki, na hilo ndilo linalowafanya watu wasizikague. Lakini kanuni inayoruhusu programu fulani huwa imefungamana na mahali programu ilipo kwenye diski. Programu ikihamishwa, kanuni inabaki ikielekeza kwenye nafasi tupu na programu inazuiwa. Vilevile mashine ya ndani ya ukuta inaweza kubadilishwa. Debian 10, toleo la mfumo endeshi wa Linux lililotoka mwaka 2019, iliifanya iptables, amri ya kuandikia kanuni za ukuta, itumie mashine mpya iitwayo nftables badala ya mfumo wake wa zamani, na kwa kuwa mfumo wa zamani uliendelea kuwapo, msimamizi asiye makini aliweza kujikuta na kanuni za aina mbili zinazofanya kazi kwa pamoja huku akiziona za upande mmoja tu. Kwenye macOS 15, iliyotolewa Septemba 2024, baadhi ya programu za usalama na za VPN (njia ya mtandao iliyosimbwa) zilivurugika, na marekebisho yakaja mwezi uliofuata.

Nashauri kwa msisitizo kwamba kabla ya kusasisha uhifadhi nakala ya kanuni zako. Katika Windows amri ya "netsh advfirewall export" huziandika zote katika faili moja. Faili hiyo iwe ya kulinganishia: ukiirudisha nzima juu ya toleo jipya, itafuta kanuni zilizokuja na toleo hilo, zikiwamo ambazo huduma mpya zinazihitaji. Ni salama zaidi kurudisha kanuni ulizoziandika mwenyewe, moja baada ya nyingine, ukijiuliza kwa kila moja kama bado ina kazi.

Nakala ya kanuni haichukui nafasi ya nakala rudufu ya mafaili. Sasisho la Windows 10 la Oktoba 2018 lilisitishwa siku chache tu baada ya kutolewa, kwa sababu baadhi ya watumiaji walipoteza mafaili yao, na likarudi Novemba likiwa limerekebishwa.

Dhana: ruta inatosha, na ukuta ukiwapo viraka vinaweza kungoja

Ruta nyingi za nyumbani hutafsiri anwani, yaani vifaa vyote hutoka kwa anwani moja ya nje. Mbinu hiyo ilipoelezwa mwaka 1994, lengo lilikuwa kupambana na uhaba wa anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti. Ulinzi wake ni matokeo ya pembeni tu. Katika IPv6, mfumo mpya wa anwani, kila kifaa kinaweza kupata anwani yake inayofikika duniani kote, hivyo kinga hutegemea kanuni za ukuta zilizowekwa kwenye ruta na kwenye kifaa chenyewe. Isitoshe, ruta haioni mashambulizi yanayotoka kwa jirani aliye ndani ya mtandao uleule.

Mnyoo ulioitwa WannaCry uliyathibitisha hayo. Kiraka cha udhaifu ulioutumia kilitolewa tarehe 14 Machi 2017. Shambulizi likaanza tarehe 12 Mei, takriban miezi miwili baadaye, likipita poti 445 inayotumiwa kushirikisha mafaili. Poti hiyo huachwa wazi ndani ya mitandao ya ofisi ili kazi zifanyike, kwa hiyo kompyuta moja ikishaambukizwa, ukuta uliowekwa kwenye mpaka wa nje hauwi na la kufanya. Bawabu hawezi kumzuia mtu aliyeambiwa amruhusu. Udhaifu ulio nyuma ya mlango uliofunguliwa kwa makusudi huzibwa na kiraka peke yake.

Dhana: Mac na Linux huja na ukuta uliowashwa

Kwenye Mac, ukuta wa programu huja ukiwa umezimwa, na huwashwa katika mipangilio ya mtandao. Kwa upande wa Linux, Ubuntu imekuja na programu ya kusimamia ukuta iitwayo ufw tangu toleo la 8.04 la mwaka 2008, nayo pia huwa imezimwa hadi msimamizi aiwashe, ilhali Fedora huja na programu yake, firewalld, ikiwa kazini. Anayetumia Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya vifurushi vilivyotengwa viitwavyo kontena, ajue zaidi ya hapo, kwamba poti zinazotangazwa na kontena hupita bila kuzijali kanuni za ufw, hata pale ambapo orodha ya ufw inaonyesha kwamba zimezuiwa.

Dhana: hakuna hali yoyote inayohitaji ukuta uguswe wakati wa kusasisha

Hili ni kosa la upande wa pili, na linawapata zaidi wanaosimamia seva za mbali. Ukipandisha toleo la Ubuntu kupitia SSH, njia salama ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, kwa amri ya "do-release-upgrade", mfumo huanzisha huduma ya pili ya SSH kwenye poti 1022, ili muunganisho wa kawaida wa poti 22 ukikatika katikati ya kazi, wewe uwe na njia nyingine ya kuingia. Mfumo wenyewe unakuarifu kwamba kama una ukuta wa moto, huenda ukahitaji kuifungua poti hiyo kwa muda. Ifungue hiyo moja, na ikiwezekana kwa anwani yako tu. Seva ikishawaka upya na ukaingia tena kwa poti 22, andika "ufw status" na usome mstari kwa mstari, kwa sababu huduma ya pili ya SSH huwa imekwisha kuzimika lakini kanuni ya poti 1022 haijiondoi yenyewe. Itabaki pale mpaka uifute kwa mkono wako.